Land Cruiser pikapu yenye 1HZ: uiache, uifunge turbo, au upandishe 1HD?

Mwenye HZJ79 ya kazi, yaani Land Cruiser pikapu yenye injini ya 1HZ isiyo na turbo, anaijua hali. Gari ngumu, inawaka asubuhi yoyote, inakunywa dizeli ya dumu bila kununa, ila ipakie tani moja halafu ikutane na Kitonga, ile ya kutoka Ruaha Mbuyuni kupanda Iringa, unashusha gia mpaka ya pili, mguu umekanyaga mpaka chini, na nyuma yako foleni. Hapo ndo ushauri unapoanza kumiminika. Fundi mmoja anakwambia funga turbo tu mkuu, wa pili anasema toa hiyo injini weka 1HD-T yenye turbo ya kiwandani, wa tatu anakuapia kwamba bila 1HD-FTE, ile ya kompyuta, unapoteza muda. Wote wana hoja, shida ni kwamba kila mmoja anajibu swali lake, na swali lako wewe hajakuuliza.

Nalinganisha njia nne: kuiacha 1HZ bila turbo ila uitengeneze sawasawa, kuifunga turbo, kupandisha 1HD-T au 1HD-FT, na kupandisha 1HD-FTE. Injini za Toyota za V8 na ile 2.8 mpya nitazigusa kidogo tu.

Kwanza jua unachokikosa

1HZ ni silinda 6, cc 4164, imeanza 1990, haina turbo, na kiwandani wanaiandikia kama hp 130 na torki Nm 285. Hizo namba ni za usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo inavuta hewa iliyopo tu, na ukipanda juu hewa inapungua. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, Nairobi nayo iko hapohapo, presha ya hewa imebaki kama asilimia 82 ya ile ya Dar. Eldoret na Njombe, huko kwenye mita 2,000, imebaki 78 hivi. Yaani zile hp 130 zako ukifika Mbeya zimebaki kama 106, hata kama injini ni mpya kabisa. Na kama pampu inamwaga dizeli kama iko Dar wakati hewa haipo, unapata moshi mweusi na joto badala ya nguvu.

Kwahiyo mtu wa Tanga na mtu wa Makambako wakiuliza swali moja, wasipewe jibu moja.

Vigezo ninavyotumia

Vitano. Cha kwanza nguvu, ila nguvu ya mlimani ukiwa na mzigo, sio ya kukimbizana na watu barabara ya lami. Cha pili joto na uimara, maana dizeli nyingi zilizoongezewa nguvu hufa kwa joto, haziviziwi na kingine. Cha tatu kazi ya kufunga, hapa nahesabu gia boksi, klachi, rejeta, waya, kila kinachoguswa. Cha nne spea na fundi, na uliza hivi: ikizimika porini kilomita 200 kutoka mjini, yupo mtu wa kuiwasha? Cha tano pesa na karatasi. Bei sitaji kwa shilingi kwasababu zinabadilika kila meli inapoingia, nitasema tu ipi iko juu ya ipi.

1. Kuiacha 1HZ bila turbo, ila uitengeneze

Nguvu: huongezi kitu juu ya kiwandani ila unarudisha kilichopotea, na mara nyingi kilichopotea ni kingi kuliko watu wanavyodhani. Nozeli zilizochoka, taiming ya pampu iliyosogea, valvu ambazo hazijapimwa gepu tangu gari iingie nchini, chujio la hewa linalopulizwa na kompresa mwaka wa tatu sasa, vyote hivyo vinakula nguvu kimyakimya. Halafu matairi. Ukitoa 7.50R16 ya kiwandani ukaweka ya inchi 35 kwa ajili ya muonekano, umerefusha gia zako kwa kama asilimia 10, gari inakuwa kama inaondokea gia ambayo sio yake, alafu mtu anasema injini imechoka! Rudisha saizi ya tairi au badilisha uwiano wa difu, utashangaa.

Joto na uimara: hakuna njia hapa inayoishinda. Mkanda wa taiming ubadilishwe kwa wakati, kila kilomita 100,000, maana ukikatika valvu zinakutana na pistoni. Zaidi ya hapo ni oili na maji.

Kufunga: hakuna. Spea na fundi: hii injini ndo iko kwenye Coaster nyingi za HZB50 pia, kwahiyo Gerezani ya Dar, Kirinyaga Road ya Nairobi au Kisekka ya Kampala, popote utakapoingia utapata kitu chake na utapata mtu aliyeishusha akiwa bado mwanafunzi. Pesa: iko chini kuliko zote, karatasi hazigusiki.

Inamfaa nani: gari ya ukanda wa chini, Pwani, Tanga, Lindi, Mombasa, na gari ya taasisi inayozunguka mbali na mafundi na kuendeshwa na madereva watatu tofauti.

2. Kuifunga 1HZ turbo

Hapa pana mabishano kuliko kwingine kote kwahiyo nitakaa kidogo.

Nguvu: turbo kwenye 1HZ inafungwa kwa nia mbili na watu hawazitenganishi. Ya kwanza ni kurudisha hewa uliyonyimwa na mwinuko. Ya pili ni kuongeza nguvu kupita ile ya kiwandani. Piga hesabu hii. Hewa ya Dar ni kama psi 14.7, ya Mbeya kama 12. Turbo ikisukuma psi 5 tu ukiwa Mbeya, injini inapata 17, umeshapita hali ya Dar na hujaitesa. Psi 7 ukiwa Mbeya ni 19. Lakini psi 7 hiyohiyo shuka nayo Dar, ni karibu 22, kama mara moja na nusu ya hewa ambayo injini hii ilitengenezewa, na dereva hawezi kujua tofauti kwasababu geji kwenye dashibodi inaonyesha 7 kotekote. Kwa maoni yangu turbo ya 1HZ ni ya nia ya kwanza. Ukiifunga kwa nia ya pili unaikopa injini na itakudai.

Joto na uimara: 1HZ inachomea dizeli kwenye vichumba vidogo ndani ya hedi, ndipo moto unashuka kwenye pistoni, na mgandamizo wake unazidi 22 kwa 1. Muundo huo unaifanya iwe laini na isichague mafuta, ila unarundika joto kwenye hedi na kwenye sehemu moja ya pistoni. Nimeshika mkononi pistoni iliyotoka kwenye 1HZ iliyofungwa turbo bila geji ya joto. Ukingo wa juu, pale juu ya ringi ya kwanza, ulikuwa umelainika ukashuka kama mshumaa, na hedi ilikuwa na ufa kati ya valvu. Mwenye gari alikuwa ameambiwa tatizo ni dizeli chafu.

Kwahiyo geji ya joto la ekzosi sio pambo. Sensa yake iwekwe kwenye manifoldi, kabla ya turbo, kwasababu ukiiweka baada ya turbo inasoma chini, na ukiwa na mzigo mlimani tofauti inaweza kuzidi nyuzi 100. Kabla ya turbo usiiache ikae juu ya nyuzi 700 hivi. Ikianza kupanda, shusha gia na punguza mguu. Wengi wanafanya kinyume, wanang'ang'ania gia kubwa na kukanyaga zaidi, na hapo dizeli inaingia nyingi wakati injini inazunguka taratibu na hewa ni kidogo.

Kufunga: kuna vifurushi vya Australia vilivyotengenezwa kwa ajili ya 1HZ, manifoldi, turbo na mabomba vinakuja pamoja, na kuna kazi za kuunga turbo ya gari nyingine. Vyote vinaweza kukaa vizuri, cha kuangalia ni vitu viwili. Kimoja ni bomba la kurudisha oili kutoka kwenye turbo. Linatakiwa lishuke moja kwa moja, pana, bila kibonde, na liingie kwenye sampu, lile beseni la oili chini ya injini, juu ya usawa wa oili. Oili inarudi kwa uzito wake tu, haisukumwi, sasa bomba likiwa na kona inayobakiza oili, turbo itaanza kuvuja kwenye sili na utaambiwa turbo ni mbovu wakati kibovu ni bomba. Chungulia mwenyewe kabla hujalipa. Cha pili ni pampu. Fundi akikaza skrubu ya mafuta ili dizeli iongezeke, na pampu haina kile kifaa cha kuongeza mafuta kwa kufuata presha ya turbo, utapata moshi mweusi kila unapoondoka kabla turbo haijaamka. Pampu ikapimwe kwenye mashine, isikazwe kwa kusikiliza mlio. Juu ya hayo ekzosi pana, rejeta isafishwe, feni kaplingi iwe inashika.

Spea na fundi: injini bado ni ileile kwahiyo uko salama, kigeni ni turbo tu. Pesa: katikati. Karatasi: namba ya injini haijabadilika, ila waambie watu wa bima.

Inamfaa nani: anayeishi na kufanya kazi juu, Mbeya, Njombe, Iringa, Nakuru, Eldoret, ana 1HZ ambayo kompresheni yake imepimwa na iko sawa kwenye silinda zote sita, na yeye mwenyewe ndo anaendesha au ana dereva mmoja anayesikia. Kama injini imeshaanza kula oili, usifunge. Unaiharakisha tu.

3. Kupandisha 1HD-T au 1HD-FT

Hizi ni ndugu wa 1HZ wa familia moja, cc zilezile 4164, zilizokuwa kwenye Land Cruiser za 80. 1HD-T ya 1990 ina valvu 12, 1HD-FT iliyokuja baadaye ina 24. Zote pampu yake ni ya kimekanika, hakuna kontroli boksi (kompyuta ya injini).

Nguvu: T ni kama hp 165 na Nm 360, FT kama 170 na Nm 380. Dizeli inapulizwa moja kwa moja juu ya pistoni, kwahiyo kwa kazi ileile zinakula kidogo kuliko 1HZ, na turbo ni ya kiwandani. Tofauti utaiona chini kwenye rpm 1,500 hadi 2,000, pale ambapo pikapu yenye mzigo inaishi.

Joto na uimara: mgandamizo umeshushwa mpaka 18.6 hivi na kuna vinozeli vinavyorusha oili chini ya pistoni kuzipoza. Yaani hiki ndicho ambacho 1HZ ya turbo inajaribu kuwa. Ila T ina ugonjwa wake unaojulikana duniani kote, beringi za konrodi zinalika mapema na zikichelewa injini inanoki. Zibadilishe kabla hujaipandisha, injini ikiwa bado iko chini kwenye stendi, maana hapo ni kazi ya kufungua sampu tu na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na krenki. FT ina nafuu ila mimi ningezifungua pia.

Kufunga: hii ndo raha yake, inakaa kwenye bolti zilezile za gia boksi. Mikono ya mauntingi na mara nyingi sampu unahamisha kutoka kwenye 1HZ yako. Angalia stata, maana gari nyingi zilizouzwa Japani zilikuwa zinawashwa kwa volti 24, ya kwako ni 12, utahitaji kuhamisha stata ya zamani. Klachi iwe mpya na nzito. Gia boksi nayo, fungua boneti usome kibati cha gari sehemu ya TRANS/AXLE, zinazoanza na H ni nzito, za R ni nyepesi, na ukiwa na R ukaweka Nm 380 huku unavuta trela, gia boksi ndo itakuwa kituo kinachofuata.

Spea na fundi: vingi vinapatikana ila sio kila mji, Dar, Nairobi na Kampala hakuna shida. Fundi wa 1HZ ataielewa siku ya kwanza. Tatizo kubwa ni umri, T yoyote unayouziwa leo imeshapita miaka 30. Ukienda kuichagua toa kifuniko cha oili ikiwa inaunguruma uone inavyopumua, halafu itikise shafti ya turbo kwa vidole, kucheza kidogo upande kwa upande sio tatizo, kucheza mbele na nyuma ni tatizo.

Pesa: juu ya turbo. Karatasi: namba ya injini imebadilika, kwahiyo kadi ya gari inabidi ifuate, TRA kwa Tanzania na NTSA kwa Kenya, na muuzaji akupe karatasi za forodha za hiyo injini. Asipokuwa nazo achana nayo hata kama ni nzuri kiasi gani.

Inamfaa nani: mwenye 1HZ iliyochoka ambayo ilikuwa inaelekea kwenye ovahoo anyway, anayebeba mzigo kila siku, na anataka gari atakayoielewa fundi yeyote wa dizeli bila kompyuta.

4. Kupandisha 1HD-FTE

Nguvu: kwenye Land Cruiser 100 ikiwa na intakula (kipoza hewa ya turbo) inafika kama hp 200 na Nm 430. Kuna HDJ79 za Australia za 2001 mpaka 2007 zilizotoka nayo kiwandani bila intakula, zikiwa na kW 122 na Nm 380, kwahiyo hii injini kwenye hii pikapu sio jambo la kubahatisha. Inavuta vizuri kuliko zote nilizotaja na moshi ni mdogo.

Joto na uimara: nzuri sana, pampu inapima mafuta kwa kompyuta kwahiyo hata mwinuko inaujua. Adui yake ni dizeli yenye maji na waya zilizounganishwa ovyo.

Kufunga: hapa ndo pagumu. Unahitaji injini, kontroli boksi yake, waya zote, na pedali ya mafuta yenye sensa, na vyote vitoke gari moja. Ndo maana wanaojua wananunua nusu gari, hawanunui injini tupu iliyokatwa waya na mkasi. Nyingi za Japani zilikuwa za otomatiki, na wewe ni manyuo, kwahiyo fundi umeme akwambie mapema atafanyaje. Bado kuna imobilaiza, kile kifaa cha kuzuia wizi kinachoitambua funguo. Sampu na klachi kama hapo juu.

Spea na fundi: beringi na gasketi utapata, sensa na pampu utasubiri na utalipa. Ikizima porini kwa ajili ya sensa, spana haitasaidia. Pesa: juu kuliko zote tatu. Karatasi: kama 1HD-T.

Inamfaa nani: anayesafiri mbali na mzigo au na wageni, ana mashine ya kusomea makosa au fundi umeme wa uhakika ndani ya mji wake, na ana uvumilivu wa kuiacha gari gereji mpaka waya zikamilike.

V8 na 2.8

V8 ya 1VD, cc 4461, Toyota walipoiweka kwenye Land Cruiser za 70 mwaka 2007 walitanua mbele ya gari ili ienee. Kuilazimisha kwenye HZJ79 ya zamani ni kujenga gari upya, bora uuze ununue VDJ79, ile iliyotoka na V8 kiwandani. 2.8 ya 1GD nayo ni injini nzuri, Nm 420 kuendelea kwenye Hilux, ila kuihamishia kwenye 79 ya zamani ni waya juu ya waya. Kama unaitaka nunua gari iliyotoka nayo.

Kwa hali yako

Uko Pwani na injini ni nzima: tengeneza nozeli, pampu, valvu na matairi, kisha endesha miezi miwili ndo uulize tena.

Uko juu ya mita 1,500, injini ni nzima, mzigo ni wa wastani: turbo, psi 5 hadi 7, geji ya joto kabla ya turbo. Kama unashuka Dar kila wiki na mzigo, weka 5 usiongeze.

Uko juu na injini imechoka: usilipe ovahoo halafu ulipe na turbo. Jumlisha hizo pesa mbili uzilinganishe na FT iliyobadilishwa beringi, mara nyingi zinakaribiana.

Unavuta trela au unabeba kupita tani moja kila siku, popote ulipo: T au FT, ila soma kibati cha gia boksi kwanza.

Safari ndefu, mfuko unaruhusu, mji una fundi umeme: FTE kwa nusu gari.

Gari ya ofisi, madereva wengi, vijiji vya mbali: iache 1HZ ilivyo, na hizo pesa nunua mkanda wa taiming, chujio za dizeli za akiba, na kitenganisha maji kizuri.

Na kama hujui injini yako iko hali gani, peleka ikapimwe kompresheni kabla hujaongea na muuzaji yeyote. Omba namba za silinda zote sita ziandikwe kwenye karatasi, uondoke nayo.